Tundu Juu ya Dirisha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili: kufagia chumba cha mbele na kutia mafuta cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa nguo, na chumba hicho ndicho alichofanyia kazi. Jina la Chiriku alipewa na baba, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata akifagia alikuwa akiongea, kama si na mama, basi na shomoro walioishi katika tundu la hewa juu ya dirisha. Ndege hao wadogo walianza kuimba tangu alfajiri. Mama husema hiyo ndiyo redio yake, tena haili betri.

Asubuhi hiyo mama hakuwa na utani. Alisimama mbele ya gauni jeupe la bibi harusi. Kinyesi cha ndege kilikuwa kimechora mstari kutoka begani hadi kiunoni.

"Baba Chiriku, njoo uone," aliita kwa sauti ndogo. "Na leo ndiyo siku ya kulipeleka."

Baba, ambaye alikuwa mwashi, alitazama gauni, kisha akatazama tundu. "Basi. Naliziba ndani na nje kabla sijaenda kazini."

"Angalia kwanza kama hakuna makinda," mama alisema, huku akilowesha kitambaa cha kufutia doa.

Baba alikuwa ameshaanza kuchanganya saruji uani. "Chiriku, panda ngazi. Usichungulie tu, tia mkono mpaka ndani kabisa."

Chiriku alipanda. Barabarani rafiki zake walikuwa wakimwita aharakishe, wawahi kucheza kabla ya kengele. Tundu lilikuwa jeusi. Aliwaza buibui, akaurudisha mkono mgongoni. Alisimama pale juu kidogo, muda wa kutosha mtu aonekane ameangalia, kisha akashuka.

"Kuna kitu?"

"Hamna kitu, baba. Nimeangalia."

Baba hakuuliza tena. Chiriku akachukua begi na kukimbia.

Aliporudi mchana, nyumba ilikuwa tupu. Mama alikuwa amefanikiwa kutoa doa, akaenda kulipeleka gauni. Chiriku alipofika karibu na dirisha, alisikia kitu kikigonga ukuta kwa nje.

Alitoka nje, akaona ni shomoro jike. Mdomoni alikuwa na mdudu. Aliruka, akajibamiza kwenye saruji pale palipokuwa na tundu, akaanguka kwenye ukingo wa dirisha, akainuka, akarudia. Manyoya ya kifuani yalikuwa yamejaa vumbi la kijivu. Hata hivyo hakumwachia mdudu yule.

Chiriku aliburuta ngazi, akapanda, akaweka sikio ukutani. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha kutoka ndani ya ukuta ikaja sauti nyembamba mno, ikakatika, ikaja tena.

Akaanza kukwaruza saruji kwa kucha, lakini ilikuwa imeshashika. Ukucha mmoja ulipasuka, damu ikatoka, na ukuta haukuonyesha hata alama.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kushuka, avue sare, akae kimya, na baada ya muda sauti ile ingeisha yenyewe. Wazo hilo lilipomjia lilimtisha kuliko sauti ya ukutani. Aliruka chini na kukimbia hadi kwenye nyumba ambayo baba yake alikuwa akiijenga.

"Leo umemeza ulimi?" alitania mchanganya zege alipomwona amesimama akihema bila kusalimia.

Baba aligeuka, mwiko mkononi.

"Sikuangalia, baba," Chiriku alisema. "Nilikudanganya. Wamo ndani. Nimewasikia."

Mwiko ulibaki hewani. Mchanganya zege aliacha kucheka. Baba alimtazama mwanawe kana kwamba hamfahamu.

"Nimewazika hai," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. Alichukua tindo na nyundo, akatoka karibu akikimbia, Chiriku nyuma yake.

Walipofika nyumbani, baba alichonga taratibu upande wa nje, akiogopa kuwaponda. Mama alirudi akawakuta hivyo. Alipoelezwa, alifunika mdomo kwa kiganja, akashika miguu ya ngazi. Pande la saruji lilipoachia, baba aliingiza mkono na kutoa kiota chote. Makinda watatu. Wawili waliinua vichwa vilivyotetemeka, wakafungua midomo. Wa tatu hakuinuka. Baba alimgusa kwa ncha ya kidole, akamweka kwenye kiganja cha Chiriku, kisha akakirudisha kiota mahali pake. Upande wa ndani aliuacha umezibwa, ili nguo zisichafuke tena.

Chiriku hakujua kwamba kitu kinaweza kuwa chepesi namna ile.

"Mama," alisema, "si ulisema Mungu anawaona hata ndege? Huyu hakumwona?"

Baba ndiye aliyekaa chini kwenye kizingiti na kumvuta karibu.

"Alimwona," alisema. "Mle gizani alikuwa akiwaona wote. Mimi na wewe ndio hatukuwaona. Mimi sikupanda kuangalia, nikakutuma wewe, nawe ukasema umeangalia. Mungu anapotunza viumbe wake, mara nyingi hutumia mikono ya watu. Asubuhi alitaka mkono wako, ukauficha mgongoni. Mchana alitaka ukweli wako, ukautoa, na wawili wamepona. Huyu mmoja hatutaweza kumrudisha."

Chiriku alilia bila sauti. Baba alimwacha alie. Shomoro jike alikuwa ametua kwenye kamba ya nguo, akiwatazama. Walipotulia kabisa aliruka, akasita mbele ya tundu, akaingia. Kelele za makinda wawili zikasikika mpaka pale kizingitini.

"Siku nyingine ukiniambia umeangalia, mwanangu," baba alisema, "uwe umeangalia."