Ukulele ya Ubao wa Kitanda

Leodegar ni karani mwenzangu, anakaa Kimara, na si mtu wa kutunga maneno. Alipomzika mkewe Avelina, alianza kujifunza kwenye simu kutengeneza ukulele, kigitaa cha nyuzi nne, ili mikono isikae bure. Mbao za dukani zilikuwa mbichi, akaamua kung'oa ubao wa mninga wa kichwani mwa kitanda chao, mkavu wa miaka kumi na tisa.

Avelina aliugua mpaka sauti ikamwisha. Akitaka maji, aligonga ubao ule mara mbili.

Jumamosi mchana, mvua inanyesha na umeme umekatika, Leodegar alibandika mgongo wa ukulele. Gundi ilipokauka akaugonga mgongo huo kwa kidole mara moja, kama mafundi wanavyofanya, asikie ubao unavyoitika.

Ndani ya ukulele kukagongwa mara mbili.

"Braza, nilijua ni mvua," aliniambia. "Nikagonga tena. Ikajibu vilevile, taratibu, kama alivyokuwaga anagonga."

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nikaleta maji."

Jana nilikwenda kwake. Sebuleni kulikuwa na ndoo mbili tupu, na ya tatu imefika nusu. Mbele yangu alimimina kikombe kizima kwenye tundu la ukulele, kisha akaipindua. Halikutoka hata tone. Niliigusa, ilikuwa kavu kabisa.

"Hakuwaga na kiu hivi," alisema, akailaza mezani.

Kabla hajakaa, tukasikia: ko, ko.