Ndala Mlangoni kwa Thuwaini

Thuwaini alilala kifudifudi juu ya mkeka wa sebuleni kwake, Mtoni, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni kama mtu anayemzuia mgeni asiondoke. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake palikuwa na pasi ya mkaa, ile ile ambayo siku zote ilikaa chini ya mlango kuuzuia usijibamize kwa upepo.

Inspekta Gaspar alisimama kizingitini akatazama kwanza. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Kila aliyekuwa hai katika nyumba yenye maiti, yeye alimshuku, hata paka.

"Pasi imefutwa, afande," alisema Koplo Munira. "Kwa kanga hii hapa. Alama za vidole hakuna hata ya dawa."

"Mlango umevunjwa?"

"Haujaguswa. Na marehemu alishamwekea mgeni mto wa kuegemea."

"Basi alimjua. Kazi yake ilikuwa nini huyu?"

"Kishoka wa leseni. Manahodha wa boti wakitaka leseni, au ya zamani ikiisha muda wakataka kuihuisha, foleni hawapangi. Wanamletea Thuwaini, anazunguka nazo yeye maofisini."

"Kwa hiyo alikuwa na maadui."

"Alikuwa na wateja, afande. Saa nyingine ndio hao hao."

Mkewe, Shamimu, alikuwa ametoka sokoni Mbagala alasiri ile akamkuta mumewe ameshapoa. Majirani hawakusikia kishindo chochote, lakini walisikia ugomvi adhuhuri. Sauti waliitambua. Ilikuwa ya Anwar, mdogo wake Shamimu, kijana anayekaa chumba cha uani.

Jua halijazama, Anwar alikuwa kituoni.

"Mligombania nini na shemeji yako?" Gaspar aliuliza.

"Mambo ya nyumbani."

"Yapi?"

"Ya nyumbani tu, mzee."

"Hata mie nina nyumba, Kimara. Kwangu tunagombania rimoti. Nyie je?"

Anwar alitazama sakafu.

"Jirani amekusikia unasema, 'Utatufunga sote.' Nani angewafunga?"

Anwar alianza kukung'uta vumbi kwenye raba zake.

"Umeua?"

"Wallahi sijamuua Thuwaini!"

"Sasa sema ulikuwa wapi."

"Baada ya ugomvi nilitoka, nikatembea. Peke yangu."

"Na ugomvi?"

Kijana alifunga mdomo kama mlango wa duka saa ya swala. Uongo ule Gaspar aliuona, ulikuwa wazi. Kilichomkera ni kwamba haukufanana na uongo wa mtu aliyeua. Hata hivyo alimrudisha mahabusu, maana mwingine hakuwa naye.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alisema pigo lilikuwa moja, limetoka nyuma. Thuwaini alizikwa. Siku ya hitma, Gaspar na Munira walikwenda msibani kurudisha vitu vya marehemu. Wanaume walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, viatu vyao vimerundikwa pembeni. Shamimu alikuwa ndani, kwenye eda, hatoki wala hatazamwi. Munira aliingia na mfuko. Gaspar alibaki nje ya pazia.

"Shikamoo, baba," sauti ya Shamimu ilitoka ndani. "Mume nimeshamzika. Mdogo wangu nitolee. Anwar ana mdomo mrefu, lakini mkono wake si wa kuua. Mkimpeleka mahakamani na ukimya wake ule, si watamnyonga?"

"Marahaba, mama. Akisema alichokificha, huenda akajitoa mwenyewe."

Ndani palisikika mfuko unafunguliwa. Saa. Kofia. Halafu Shamimu akasema, "Hizi ndala za nani?"

"Za marehemu, dada," Munira alimjibu. "Tulizikuta mlangoni."

"Za mume wangu ni za kijani. Hizi nyekundu. Halafu za kwake nilizichoma T chini ya kisigino kwa msumari wa moto, maana msikitini kila Ijumaa alikuwa anaibiwa."

"Za Anwar, labda?"

"Anwar? Huyo anavaa raba mpaka bafuni!"

Munira alitoka na zile ndala mkononi. Zilikuwa ndala za plastiki za kawaida, za kila duka, mikanda yake myekundu kama pilipili.

"Afande, mwuaji aliingia akavua ndala mlangoni kama mtu mwenye adabu zake, akaua, akatoka na za marehemu."

"Mchana kweupe," Gaspar alisema. "Aache nyekundu, avae kijani?"

"Haraka."

"Haraka ya kutoka, sawa. Akifika kwake je? Atazitazama, atashtuka, atarudi kuzifuata au atazitupa zile. Hizi hazijafuatwa." Kulikuwa na jambo linamkuna Gaspar kichwani. Alisogea kando akapiga simu ofisi ya leseni za vyombo vya majini.

"Nahodha akitaka kuhuisha leseni anatakiwa alete nini?"

"Leseni ya zamani, picha, na cheti cha daktari cha macho," alijibu afisa. "Awe anaona mbali na anatambua rangi. Njia ya boti inaonyeshwa kwa maboya, Inspekta. Jekundu upande huu, la kijani ule."

"Na asiyetambua?"

"Huyo haongozi boti. Hata awe hodari namna gani."

Gaspar aliirudisha simu mfukoni, akaenda kusimama karibu na rundo la viatu. Hitma ilikuwa inakwisha. Wanaume walianza kutoka, mmoja mmoja, wakivaa na kuagana. Aliitazama miguu yao. Makubadhi, raba, kandambili za bluu. Kila mguu aliushuku.

Akatoka Nahodha Khalfani, mtu wa kifua kipana, mwendesha boti ya abiria, ambaye tangu maziko alikuwa akilia kuliko ndugu wa damu. Akavaa ndala za kijani. Wala hakusita.

"Nahodha, pole na msiba."

"Tushapoa, Inspekta. Kazi ya Mungu."

"Hebu inua mguu kidogo. Umekanyaga kitu."

Khalfani aliinua mguu, akishika bega la Munira asianguke. Chini ya kisigino palikuwa na T, imechomwa kwa msumari.

Kituoni, Gaspar alipanga jozi zote mbili mezani, soli chini. Za kijani kushoto, nyekundu kulia.

"Chagua zako, Nahodha."

"Mchezo gani huu, Inspekta? Mie mtu mzima."

"Chagua tu. Mtoto wa chekechea angeshamaliza."

Khalfani alizitazama. Aliinama, akazigusa mikanda kama mtu anayechagua kitambaa gizani.

"Hizi," akasema hatimaye, akashika za kushoto.

"Za rangi gani hizo?"

"Si nyekundu? Binti yangu alininunulia nyekundu."

Gaspar alizigeuza ndala zile za kijani, T ikaonekana.

"Umeivaa jozi ya marehemu mbele ya nyumba yake, Nahodha. Rangi yake ulikuwa huioni. Leseni yako ulikuwa unaihuishaje?"

Nahodha alikaa. Kile kifua kikawa kama kimetobolewa.

"Bahari naijua toka sijaota ndevu," alisema. "Upepo naujua, miamba naijua. Rangi hizo mbili tu ndizo Mungu hakunipa. Thuwaini alikuwa ananipelekea mtu mwenye macho kwa daktari. Anakaa kwenye kiti kwa jina langu, anataja rangi, cheti kinatoka."

"Mtu gani?"

"Shemeji yake. Anwar."

Gaspar na Munira walitazamana. Ukimya wa kijana ulikuwa umepata sababu yake.

"Safari hii ikawaje?"

"Juzijuzi Thuwaini alipanda boti yangu, anatoka harusini na mkewe. Watu wa bandari walikuwa wamehamisha maboya, mie sikuwa na habari. Boya nikalipita upande usio wake. Tukasikia mwamba unakwaruza chini, watoto wanalia, watu wanashika maboya ya kuokolea. Baharia wangu akanisukuma akashika usukani yeye. Nageuka, Thuwaini kasimama nyuma yangu, ananitazama."

"Akakataa kukuhuishia."

"Aliniita kwake akaniambia, 'Nahodha, basi. Nitakwenda na Anwar tukaseme wenyewe.' Nilimwomba mpaka nikapiga magoti. Nikamwambia, nikishuka kwenye boti mie nani? Nitauza vitumbua? Akasema ananionea huruma. Akanigeuzia mgongo aende kuniletea maji ya kunywa." Khalfani alifunika uso. "Angenitukana ningeondoka. Ila ile huruma! Pasi ilikuwa pale mguuni pangu. Nikafuta, nikatoka, nikavaa nilichokiona ni changu. Nimemzika na ndala zake mwenyewe, Inspekta."

Munira aliandika maelezo, Khalfani akatia sahihi.

Gaspar alikwenda mahabusu. Anwar alisimama.

"Nahodha wako amekiri," Gaspar alimwambia. "La kuua limekutoka. Ulikuwa tayari kunyongwa kwa kuficha cheti cha macho?"

"Niliogopa, mzee. Thuwaini alitaka twende tukaseme. Nikamfokea, nikaondoka. Ningekubali siku ile ile, tungekuwa ofisini wote wawili, Khalfani asingemkuta nyumbani."

"Hilo mie sina jibu lake. Dada yako anauliza kama unatoka leo. Nimpigie nimwambie nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Anwar aliutazama, halafu akakaa tena juu ya benchi.

"Mwambie nachelewa kidogo," alisema. "Kuna maneno mumewe alitaka tukayaseme pamoja. Chukua kalamu, mzee. Naanza na jina la daktari."