Uzi Mwekundu Ndani ya Koti la Micu

Binti yangu alinisomea kifo cha baba yake, jikoni kwangu, huku anatafuna mkate... na hakujua anachosoma!

"Mama, sikiliza hapa, patamu," Dora aliniambia.

Nilikuwa namenya viazi. Nikamwambia haya, soma.

Akasoma. Leandro, bosi wa mafia, mrefu, macho ya kijivu, amekaa kwenye ukuta wa kisima na mtu aliyemsaliti. Msaliti anamenya chungwa. Ganda linashuka lote bila kukatika. Anamgawia Leandro nusu. Ganda analikunja, analitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, mfuko ulioshonwa kwa uzi mwekundu, anasema, "La mke wangu hili, huwa anayakausha juu ya jiko." Leandro anamaliza nusu yake. Anajifuta vidole. Halafu anampiga risasi.

"Na baada ya hapo alilia, mama. Mwanaume kama huyu mimi ningempata wapi?"

Kisu kilinidondoka, kikakosa kidole cha mguu kidogo tu. Dora akauliza nina nini. Nikamwambia sina kitu, nipe hicho kitabu.

Nyie mnaosoma hapa, ngoja niwaeleze.

Ule mfuko niliushona mimi.

Naitwa Filomena, hapa Castrolupo, huku Calabria, kusini mwa Italia, wananiita Mena, fundi cherehani. Mume wangu Micu ndiye aliyekuwa anashika funguo za kisima cha ushirika wa wakulima wa machungwa. Yeye ndiye alipanga nani anamwagilia lini, na alipanga kwa haki. Wale jamaa walizitaka zile funguo. Huku kwetu hatuwataji, tunasema "wale" na kila mtu anaelewa. Micu akawakatalia. Oktoba, miaka tisa iliyopita, alitoka alfajiri kwenda kisimani, akaletwa nyumbani amebebwa.

Jana yake jioni aliniomba nimshonee mfuko wa ndani kwenye koti jipya. Uzi mweusi ulikuwa umeniishia, nilikuwa nimeumaliza kwa nguo za msiba za mjane mmoja. Nikatumia mwekundu. Tukacheka, akasema sawa tu, nani ataona ndani?

Koti lile alilivaa asubuhi moja. Moja tu.

Polisi walikaa nalo mwaka mzima. Waliponirudishia nilipapasa ndani, nikalikuta ganda la chungwa, zima, limekauka. Walipekua mifuko yote, ule mdogo hawakuuona. Sikumwambia mtu. Si mama yangu, si padri, si Dora. Lilikuwa kitu pekee nilichobaki nacho ambacho hakuna aliyekishika.

Sasa niambieni. Aliyeandika habari ya uzi mwekundu aliitoa wapi?

Na aliyeandika si mtu wa mbali. Ni Ersilia. Shosti wangu tangu darasa la kwanza!

Ersilia anaandika riwaya za mapenzi ya mafia. Leandro huyu ana vitabu vitano sasa, na wanawake kutoka Milano mpaka Ujerumani wanamtumia barua kana kwamba yupo. Mimi nilikuwa msomaji wake wa kwanza. Tena niseme ukweli unaoniuma, nilimsaidia kuwatengeneza wale watu wake. Alikuwa anakuja na daftari, anakaa karibu na cherehani langu, ananiambia mwanaume wa riwaya ni kama nguo, unakata kipande kwa huyu, kipande kwa yule, halafu unashona usionekane mshono. Kila mhusika alikuwa na kadi yake, amebandika ndani ya mlango wa kabati la chumbani. Macho. Kovu. Kidonda cha utotoni. Na kitu kimoja anachofanya kwa mikono yake kinachomyeyusha msichana.

"Hicho cha mikono ndicho kinachouza," aliniambia. "Bila hicho ni muuaji tu."

Tulicheka sana, jamani. Nilimpa shingo ya muuza nyama. Nilimpa sauti ya daktari wa meno. Na siku moja, mjane mimi, nimekumbuka ya kwangu, nikamsimulia Micu alivyokuwa ananimenyea chungwa kitandani Jumapili, kipande kwa kipande, na utani wake. Akaandika. Nikadhani anaandika kwa kunihurumia.

Kitabu cha tano hakunipa nisome. Alisema anataka kunishtukiza; Dora alikinunua dukani kabla ya uzinduzi.

Basi nimeshtuka.

Nilivua aproni nikaenda kwake mchana ule ule. Mlango ulikuwa wazi. Sikumsalimia, nilipita moja kwa moja chumbani nikafungua kabati.

LEANDRO, imeandikwa. Macho: katalogi ya nguo. Mwendo: Cosimo. Sauti: Cosimo. Mikono, kumenyea msichana chungwa: Micu. Utani wa kitandani: Micu (Mena). Mauaji ya kisimani: Cosimo, chakula cha Pasaka.

Kadi ya pembeni: MSALITI. Micu, lakini mnene, mwoga.

Cosimo ni kaka yake Ersilia, na ni mmoja wa wale. Na Cosimo ndiye baba wa ubatizo wa Dora! Kwetu hicho si cheo cha picha ya ukutani. Ukimshika mtoto wa mtu kwenye maji ya ubatizo, mmekuwa zaidi ya ndugu wa tumbo moja, na kumnyanyulia mkono baba wa mtoto huyo ni dhambi ambayo hata wale wenyewe wanaiogopa. Ndiyo maana miaka tisa nilimshuku kila mwanaume wa Castrolupo isipokuwa yeye.

Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi moto siku tatu, majirani ndio wanaoleta chakula. Unajua nani alibeba sufuria la supu la mama yake akaniletea? Cosimo. Alinipakulia kwa mkono wake. Akamwambia Dora, wakati huo ana miaka minane, kula mwanangu, baba angetaka ule. Na mimi nilimshukuru. Nilimbusu mkono!

Ersilia alikuwa amesimama mlangoni, mweupe kama unga.

"Mena, nimebadilisha majina."

Nilimzaba kofi mpaka miwani ikaruka kitandani.

Hakujitetea. Alikaa chini akaanza kunieleza kama mtu anayetubu kwa padri asiyemtaka. Pasaka ya mwaka jana, divai imekolea, alimuuliza kaka yake, mwanaume kama Leandro anajisikiaje dakika ile kabla ya kumaliza mtu? Cosimo alijua Leandro ni yeye. Alikuwa anapenda, ndugu zangu, alipenda mno! Alishaomba aongezwe urefu. Basi akaegemea kiti akasimulia. Chungwa, ganda, mfuko, uzi. Mbele ya sahani ya mwanakondoo.

"Ulijua ni Micu?"

"Nilijua alipotaja ganda."

"Na ukaandika."

"Ni kaka yangu, Mena. Ningekwambia nini?"

Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma kuliko yote. Kwa nini mikono ya Micu? Umeshampa muuaji maisha ya mume wangu, kwa nini umpe na mikono yake?



"Kwa sababu Cosimo hana kitu," akasema. "Nilimchunguza miezi, nikitafuta kitu kimoja tu ambacho mwanamke angekipenda. Sikupata. Wale wote hawana, Mena. Ilibidi nichukue kwa aliyekuwa nacho."

Sijawahi kusikia hasira ya namna ile ndani ya mwili wangu. Nikamwambia naenda polisi sasa hivi. Akainua uso, akaokota miwani yake, akaniambia polepole kwamba akiulizwa atasema ametunga. Yeye ni mwandishi, kutunga ndiyo kazi yake, nani atamhukumu mtu kwa riwaya?

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonimaliza.

Ijumaa nilimwambia Dora. Hayo ya Ijumaa sitayaandika hapa.

Jumamosi saa tano asubuhi kitabu kilizinduliwa uwanja wa kanisa. Viti, maua, maikrofoni, meya na mkufu wake. Ersilia mezani anatia sahihi. Na pembeni yake, shati jeupe, vifungo viwili wazi, nani? Cosimo! Watu wanapita wanamtania, ee Leandro, na yeye anacheka, anatia sahihi na yeye! Mtu ambaye kwa polisi, kwa miaka tisa, hajawahi kukubali hata kwamba kisima kipo.

Nikapanga foleni kama wengine. Dora nyuma yangu. Koti la Micu mkononi, nimelikunja, nje tu ndiyo inaonekana.

Ersilia aliponiona kalamu ilisimama. Sikumwangalia. Nikafungua kitabu ukurasa ule ule, nikamsogezea Cosimo.

"Mtilie sahihi mwanao wa ubatizo," nikasema, nikitabasamu, Mungu anisamehe tabasamu lile. "Anakupenda sana humu ndani."

"Ah, Dora wangu!" Akainama, akaandika kwa mbwembwe, akisoma kwa sauti ili watu wasikie: Kwa Dora, kutoka kwa Leandro wa kweli.

Maikrofoni ilikuwa katikati ya meza. Haikuwa imezimwa. Sauti yake ilitoka kwenye spika zote nne za uwanja, na watu wakapiga makofi.

Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomuuliza mtu habari ya mvua.

"Na lile chungwa la Micu, baba Cosimo, lilikuwa tamu?"

"Chachu kidogo," akajibu, bado amelewa sifa, bado anaipamba sahihi yake. "Oktoba, machungwa yalikuwa bado ma..."

Akanyamaza.

Mwangwi wa lile neno lililokatika ulirudi kutoka ukutani kwa kanisa. Makofi yalikufa. Nikalikunjua koti, nikaligeuza ndani nje, nikaliweka juu ya vile vitabu. Mfuko ule. Uzi ule. Humo kitabuni hakuna Oktoba. Humo kitabuni hakuna mtu anayeitwa Micu.

Cosimo aliutazama uzi. Kisha akasimama, akawageukia watu, akatanua mikono, na naapa nilimwona akitulia. Maana anawajua. Ni watu wetu.

"Mimi nimesema nini? Kuna aliyesikia kitu hapa?"

Meya akaangalia viatu vyake. Mwenye duka la dawa, ambaye nimemshonea suti ya harusi, akaangalia maua. Wanawake niliokaa nao misibani wakaanza kutafuta vitu kwenye mikoba. Watu mia mbili, spika nne, na hakuna aliyesikia! Nilitaka kuwatukana mmoja mmoja kwa jina la mama yake. Dora alinishika mkono wakati ule, vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mimi nimesikia."

Ilitoka kwenye spika.

Ersilia alikuwa ameishika maikrofoni kwa mikono yote miwili, inagongagonga meno yake. Cosimo akamwambia kwa sauti ya chini, weka chini hiyo. Hakuiweka.

"Nimesikia sasa hivi," akasema. "Na siku ya Pasaka pia nilisikia. Uzi mwekundu aliniambia yeye. Sikutunga."

Akafungua mkoba wake, akatoa kadi ya LEANDRO, ina tundu la pini juu, akanipa mbele ya watu wote. Kumbe alikuwa amekuja nayo. Mpaka leo sijui alikusudia kuitoa au kuichana.

Ndipo mwenye duka la dawa akakohoa, akasema na yeye anadhani amesikia. Halafu mwingine.

Cosimo yuko ndani, kesi inaendelea, na koti liko mahakamani na ganda lake. Ersilia anaishi mji mwingine ambao hautajwi, askari mlangoni. Wasomaji wake wanamtukana mtandaoni kwa nini amemuua Leandro, maana hakuna kitabu cha sita. Wanamlilia! Wengine mko humu humu, nawaona.

Mtaniuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe. Alichelewa mwaka mzima na kitabu kizima. Amenitumia ujumbe mara tatu, na nimeusoma mara tatu, sijajibu. Siku nikijibu nitajibu, msinipangie.

Ila nyie mnaopenda hawa mabosi wa kwenye riwaya, wanaoua asubuhi na kumbembeleza msichana jioni, sikatazi mtu kusoma. Mimi mwenyewe nilisoma vinne. Ukifika pale mikono yake inapokuwa mipole, simama kidogo ujiulize imeibwa kwa nani. Mimi najua hiyo ya Leandro ni ya nani, nililala nayo miaka kumi na moja.

Jana Dora alimenya chungwa jikoni. Ganda lilikatika mara mbili. Akaliweka juu ya jiko hivyo hivyo.