Chupa ya Moyo Isitikiswe

"Twiga, hapa Mlima. Boksi liko wapi?"

Goti la Twiga lilikuwa juu ya shingo ya Kelvin, mmoja wa walioiba boksi hilo, nyuma ya gereji moja pale Kilosa, na simu ya upepo ilikuwa imedondokea kwenye oili chafu.

Aliiokota.

"Mlima, subiri. Nazungumza na mtu."

Jina lake halisi lilikuwa Costancia, mpelelezi wa Idara, na mikono yake haikuwa na haraka. Alimvunja Kelvin kidole cha pili.

"Kaka, vimebaki vinane. Umempa nani?"

"Mwenzangu. Jina lake silijui, dada. Kapanda Noah nyeupe kwenda Ruhembe. Kuna ndege inamsubiri ng'ambo ya miwa."

"Amevaaje?"

Kelvin alichomoa kisu kwenye soksi.

Bastola ya Glock ilisema mara moja. Costancia akafanya ishara ya msalaba, akaifunika maiti kwa turubai, akawasha pikipiki yake ya Honda.

Saa sita na nusu mchana.

Hospitalini Mikumi alilala Daktari Regina. Jana yake alipata shambulio la moyo. Mshipa walikwisha kuuzibua, lakini upande mmoja wa moyo ulikuwa unakufa. Dawa ya kuuamsha ilikuwa moja tu: protini aliyohangaika nayo mwenyewe miaka kumi na miwili. Chupa moja, ndogo kama kidole gumba, ndani ya boksi la baridi lililoibwa. Ilitakiwa imwingie kabla ya saa kumi. Waliowatuma wezi kutoka nje walitaka mambo mawili: chupa iondoke nchini, na mwenye kuijua afe.

"Sikia, Twiga," Mlima alisema. "Joto linaiua. Kuitikisa kunaiua. Inaganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Usiligonge gari alilopanda."

"Sasa nifanyeje?"

"Utajua mwenyewe."

Ruhembe walikuwa wanachoma miwa tayari kwa kuvuna, na moshi ulikuwa umetanda mpaka barabarani. Noah nyeupe ilisimama kwa mama ntilie, abiria watano wakishuka, kila mmoja na mzigo wake. Costancia alikaa kwenye benchi, akatazama mikono, viatu, macho.

Wa mwisho alikuwa mzee wa kanzu, ndevu nyeupe, mgongo umepinda, fimbo mkono mmoja na kikapu mkono mwingine. Miaka themanini si haba. Alipofika mbele ya karai la maandazi aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Hildegarda, mwenye genge, mama wa hamsini na kitu. Kisha akainua macho. "Makubwa haya. Babu, wewe ndiye wa kuniamkia mimi? Au njaa imekuchanganya?"

Abiria wakacheka.

Mzee hakucheka.

Costancia akasimama. Huyo alikuwa kijana aliyelelewa vizuri na mama yake. Ulimi ulikuwa umesahau ndevu alizobandika.

Fimbo ikainuka. Ilikuwa bunduki.

Risasi ilipasua bega la kushoto la Costancia. Kijana akamwaga karai la mafuta njiani, akatumbukia kwenye miwa na kikapu chake. Costancia aliruka mafuta, akamfuata.

Alimkuta amesimama. Nyuma yake moto ulikuwa unanguruma. Alikuwa amelitoa boksi kikapuni na kulikumbatia kifuani.

"Piga, dada. Piga tuone daktari wako atapona na nini."

Costancia aliitupa Glock chini.

"Mdogo wangu, hapo ulipo dawa inaiva. Sogea kwangu."

Kijana alitupa jicho nyuma, kwenye moto. Hilo lilitosha. Costancia aliokota panga lililoachwa na wakata miwa, akajitupa chini na kumfyeka kifundo cha mguu. Mfupa ulilia. Kijana alipoanguka, boksi lilitua juu ya mkono wa Costancia wenye jeraha, taratibu, kama mtoto anayepokelewa na mkunga.

Vidole vya kijana vilimkaba koo. Macho yakaingia giza. Mkono wa kushoto, damu ikichuruzika, haukutikisika. Wa kulia ulipiga panga.

Mara mbili.

Costancia akatoka kwenye miwa na boksi kabla moto haujafika.

"Mikumi," alimwambia Goodluck, dereva wa Noah. "Polepole."

"Dada, unavuja damu."

"Damu ni yangu. Wewe angalia mashimo."

Kilomita zile zote alilipakata boksi, akinong'ona rozari, huku saa ikikimbia na gari likitambaa.

Saa kumi kasoro dakika nane, nesi Irine aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa angavu kama maji.

Daktari Regina alifungua macho.

"Mmeitikisa?"

"Hapana, daktari."

"Basi nichomeni. Baada ya siku kumi nitawaambia kama nilikuwa na akili."

Simu ya upepo ilikoroma. "Twiga, ndege tumeikamata na rubani wake. Kaa hapo ushonwe bega."

Costancia alitazama sindano mpaka tone la mwisho lilipoingia. Ndipo akaizima simu, akakaza kitenge begani na kutoka kwa mlango wa nyuma, akitembea kama mtu aliyetoka kumjulia hali jirani.