Sauti Nyuma ya Mlango wa Kaka

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akafua soksi zake, akazianika dirishani, kisha akapiga deki ukumbi kabla mama yake hajarudi kutoka kazini. Jina la Chiriku alipewa na kaka yake kwa sababu ya wingi wa maneno, nalo lilimganda hata walimu wakalisahau lile lililoandikwa kwenye rejista.

Mama yake alikuwa fundi wa miwani. Kutwa nzima alikata na kusugua lenzi katika duka la mjini, akarudi na vumbi jeupe katika mikunjo ya vidole. Aliporudi hakwenda jikoni kwanza. Alivuta kiti, akaketi mbele ya mlango uliofungwa wa chumba cha kaka, akatulia. Chiriku naye alinyamaza, na kwa Chiriku hilo halikuwa jambo dogo.

Ndani ya chumba, kompyuta ya mezani iliamka yenyewe. Feni ilivuma, na mwanga wa samawati ukapenya chini ya mlango, ukavigusa vidole vya miguu vya mama. Mashine ilifanya kazi yake kwa muda, ikihema kama mtu apandaye ngazi. Kisha sauti ya kijana, yenye mzaha ndani yake, ikasema:

"Tayari, mama. Usiniulize tena mpaka kesho."

Mama alitikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Akainuka, akaenda kubandika sufuria.

Kaka alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa homa iliyomlaza siku chache tu. Katika uhai wake alikuwa akitunga mchezo wa simu, na mama alimsumbua kila alasiri kwa swali lile lile: "Huo mchezo bado tu?" Basi, kwa utani, kaka aliipangia kompyuta iamke saa ya mama kurudi, iujenge mchezo upya, na ukikubali kujengeka, imjibu mama kwa sauti yake aliyokuwa ameirekodi. Mwenye jibu akaondoka, jibu likabaki. Tangu hapo mama hakuruhusu mashine ile izimwe. Chumba kilifagiliwa asubuhi, kikafungwa, na hakuna aliyeketi mbele ya kioo chake.

Siku hizo Chiriku naye alikuwa na mchezo wake. Katika klabu ya kompyuta shuleni, kila mwanafunzi alitakiwa kutunga mchezo na kuuonyesha ukichezeka kwenye simu. Mchezo wa Chiriku, wa mbuzi anayeruka ua, ulikwenda vizuri kwenye kompyuta ya shule, lakini kwenye simu haukuingia.

"Mbuzi wako amefungwa kamba," alimcheka mwenzake mmoja aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani yake mikubwa. "Tutakuja kumtazama hapo hapo zizini."

"Ngoja uone. Atakapofunguka atakula madaftari yako," Chiriku alijibu. Wenzake wakacheka, lakini moyoni aliumia.

Mwalimu wa kompyuta, mwanamke kijana asiyependa maneno ya haraka, aliwaeleza sababu. Mchezo mmoja unaweza kuchezwa kwenye mashine za namna nyingi, lakini hauhami hivi hivi. Simu ina lugha yake. Panahitajika programu ya kutafsiri, maktaba za simu, yaani mikusanyo ya programu zilizo tayari, na zana za kufungasha vyote katika faili moja ambalo simu italipokea; huko ndiko kuujenga mchezo. Zana hizo hushikana mikono. Moja ikikosekana au ikiwa ya toleo jingine, zote husimama. Kompyuta za shule zilikuwa dhaifu mno kuzibeba.

Jioni ile Chiriku alimwomba mama ruhusa ya kutumia kompyuta ya kaka. Mama aliutazama mlango uliofungwa.

"Tumia," alisema mwishowe. "Ila usiguse chochote cha kaka yako. Chochote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Sitagusa."

Alasiri iliyofuata Chiriku aliingia mapema, mama akiwa bado kazini. Chumba kilikuwa kitupu kuliko alivyokizoea. Asubuhi hiyo mama alikuwa amempa mama mdogo kitanda cha kaka, kwa kuwa watoto wake walilala chini, na palipokuwa na kitanda palibaki alama nne za miguu yake sakafuni. Kiti cha kaka kilikuwa na shimo la mkao wake. Chiriku aliketi kwenye ncha, kana kwamba mwenyewe angerudi wakati wowote na kumwambia ainuke.

Alipakua zana mpya kutoka intaneti, akazisakinisha, akaamuru mchezo ujengwe. Ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa. Maandishi mekundu yalimweleza kuwa ndani ya mashine mlikuwa na zana nyingine za zamani, na kwamba hizo za zamani ndizo zilizokuwa zikiitika kila alipoziita mpya. Mtu mmoja mtandaoni alishauri kwa sentensi fupi: futa za zamani.

Chiriku alijua zilikuwa za nani. Kidole chake kilining'inia juu ya kitufe. "Ni zana tu," alijiambia. "Mchezo wake siugusi." Akafuta.

Mbuzi alijengeka mara moja. Chiriku alimpandisha kwenye simu kwa kebo, akamwona akiruka ua kwenye kiganja chake, naye akacheka peke yake katika chumba kile. Kicheko kilirudi kutoka kwenye kuta tupu, kikamkera masikio. Akafunga mlango, akatoka.

Mama alirudi, akavuta kiti. Feni ikavuma. Mwanga ukapita chini ya mlango, ukamgusa vidole. Mashine ikahema, ikahema, kisha ikatulia ghafla, kama mtu aliyefungua kinywa kusema akajizuia.

Mama alingoja mpaka mwanga ulipojizima.

"Chiriku, umegusa kitu?"

"Hapana, mama," alisema, na neno hilo lilitoka upesi kuliko alivyotaka. "Pengine imechoka tu."

"Mashine nayo huchoka?"

"Huchoka, mama. Hasa zikiwa kuukuu."

Ulimi hauna mfupa, lakini kuanzia saa ile Chiriku aliuona wake kuwa mzito. Shuleni mbuzi alishangiliwa, hata Profesa akaomba kuucheza mchezo mara ya pili, na Chiriku akampa simu bila mzaha. Nyumbani aliogopa alasiri. Kila siku mashine iliamka, ikahema, ikajizuia. Sauti ile ilipokuwepo haikumtisha kamwe. Sasa kunyamaza kwake kulimfuata jikoni, bafuni na mezani pa kulia. Alipopita ukumbini alihisi kama mtu amesimama nyuma ya mlango, ameshika kitasa, akimngoja yeye aseme kwanza.

Siku ya tatu, vijana wawili walikirudisha kitanda. Mama mdogo aliwafuata nyuma, amekunja uso.

"Dada, tangu lini zawadi ikafungwa kamba?" aliuliza. "Watoto wamelalia juzi na jana, leo nawaambia washuke?"

"Nisamehe, mdogo wangu. Siwezi kukueleza," mama alijibu, naye hakumtazama machoni.

Walipokwisha kuondoka, mama alisimama mbele ya mlango wa chumba. Hakujua kwamba Chiriku alikuwa jikoni, amekamata sufuria mkononi. Mama aliweka kiganja kwenye ubao, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, kama ni kitanda, kimerudi. Sikutaka kukufukuza. Usininyamazie."

Kisha akaketi, akangoja. Mashine ikahema, ikatulia. Mama hakulia. Aliinama tu, akaanza kufuta miguu ya kiti kwa ncha ya kanga, ingawa haikuwa na vumbi.

Chiriku aliweka sufuria chini. Akaenda ukumbini, akasimama mbele ya mama.

"Mama, si kitanda."

"Nini?"

"Si kitanda. Ni mimi. Nilifuta zana za kaka ili mbuzi wangu ajengeke. Uliponiuliza nikakudanganya. Kaka hakukasirika. Nimeipoteza sauti yake, mama."

Mama aliiachia ncha ya kanga.

"Simama wima," alisema. "Rudia, ukinitazama."

Chiriku alirudia. Mama hakuinua mkono wala sauti.

"Kesho umlete mwalimu wako," alisema. "Na yote uliyoniambia mimi, umwambie na yeye, usipunguze."

Mwalimu alikuja kesho yake, akasikiliza yote bila kumkatiza, kisha akaketi kwenye kile kiti chenye shimo. Alifungua kumbukumbu za mashine, akasoma, akasogea pembeni ili mama naye aone.

"Sauti haijapotea, mama. Faili lake hili hapa. Lakini kijana aliipanga isikike pale tu mchezo unapojengeka. Tazama: kila alasiri mashine imejaribu. 'Zana haikupatikana.' Siku ya pili, 'zana haikupatikana.' Inaamka, inatafuta, inakosa, inalala."

"Kwa hiyo hakuwa amenyamaza," mama alisema taratibu. "Alikuwa amekwama."

"Imekwama mashine, mama."

"Ndiyo. Mashine," mama alikubali.

"Na zana zangu mpya si bora kuliko zile?" Chiriku aliuliza. "Mbona zisiujenge na mchezo wake?"

Kabla mwalimu hajajibu, mama alijibu mwenyewe. "Miwani mipya ya jirani ni mizuri. Uivae wewe, utagonga ukuta."

Mwalimu alicheka. "Ndivyo hasa. Kila mchezo una toleo lake la zana. Hatuzifuti za mwingine. Tunaziweka kila moja katika folda yake, kisha tunauonyesha kila mchezo njia ya kufika kwenye zake. Sasa njoo uketi, Chiriku, ufanye. Mimi sitagusa."

Haikuwa kazi ya kupuliza. Toleo la zamani ilibidi litafutwe, na la kwanza alilopakua halikuwa lenyewe. La pili lilikuwa lenyewe, lakini maktaba za simu zikakosekana. Alipozipata, akakosea njia ya folda kwa kusahau herufi moja, na maandishi mekundu yakajaa kioo kizima. Mara mbili alimgeukia mwalimu kwa macho ya kuomba, na mara mbili mwalimu alimwambia, "Soma mstari wa kwanza. Wa kwanza, si wa mwisho." Mama alikuwa ameleta kiti chake kutoka ukumbini. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, aliketi upande wa ndani wa mlango.

Mwishowe mistari ikaanza kupita bila wekundu. Feni ikavuma, mashine ikahema, na wote watatu wakasogea karibu na kioo.

"Tayari, mama. Usiniulize tena mpaka kesho."

Chumbani, bila ubao wa kuizuia, sauti ilikuwa ya karibu mno. Mama alifumba macho. Alipoyafumbua, alimgeukia mwalimu.

"Tayari nini?" aliuliza.

"Mchezo, mama. Umejengwa. Upo hapa, unangoja simu."

"Yaani siku zote hizi, kila alasiri, ulikuwa umejengwa?"

"Kila alasiri."

Mwaka mzima mama alisikiliza akiambiwa kuwa kitu kiko tayari, asiketi mbele ya kioo kukitazama. Alitoa simu yake mfukoni, akampa Chiriku. "Uweke," alisema.

Kwenye kioo cha simu kilitokea chumba kidogo chenye kaunta na rafu za miwani, na nyuma ya kaunta mwanamke mfupi mwenye kanga begani. Wateja waliingia mmoja mmoja, na dunia yao ilikuwa ukungu mtupu mpaka mchezaji awachagulie lenzi iwafaayo. Mteja mmoja, aliyevaa kofia, aliingia akisalimia mlango.

Mama aliucheza kwa kidole kimoja, polepole, kama anayejaribu moto wa pasi. Akaja mzee aliyeshindwa kusoma gazeti. Mama akamchagulia lenzi nene katikati. Mchezo ukamwambia amekosa.

Mama aliinua uso. "Mimi nimekosa?" Akajaribu tena, akakosolewa tena. "Mzee haoni karibu, lenzi yake ni nene katikati. Nyembamba ni ya asiyeona mbali. Nimemwambia mtoto huyu mara ngapi? Alikuwa akiitikia 'ndiyo, mama' na hanisikilizi hata kidogo." Hapo akacheka, kicheko cha kweli kilichomtikisa mabega, nacho kikaendelea mpaka kikawa machozi, na Chiriku akamshika mkono.

Mwalimu alipoondoka, mama alipangusa uso, akaiweka simu mezani. Sauti yake ilikuwa imerejea kuwa ile ya siku zote.

"Sikiliza, mwanangu. Ulipofuta zana za kaka yako, ulivunja ahadi, na umeona jasho la kuirekebisha. Hilo limekwisha. Lakini uliponidanganya, hukuficha kosa, ulilihamisha. Nililibeba mimi. Nikamwomba msamaha marehemu kwa jambo asilolijua, nikawashusha watoto wa mdogo wangu kitandani. Uongo haukai pale ulipouweka. Hutembea, ukawapiga wasiohusika. Kosa likisemwa mapema hurekebika kwa mkono mmoja. Likifichwa, huhitaji mikono ya watu wote."

"Nimesikia, mama. Naomba radhi."

"Mimi nimekuwia radhi. Bado mama yako mdogo. Nenda kwake sasa hivi, umweleze kwa kinywa chako kwa nini kitanda kilirudishwa, na umwambie vijana waje kukichukua. Ukirudi, tutakaa hapa, nikufundishe lenzi, umsahihishie kaka yako makosa yake."

Chiriku aliinuka. Alipofika kizingitini aligeuka kuuvuta mlango wa chumba, kama walivyozoea.

"Uache wazi," mama alisema.