Mashine Iliyoacha Kukata Umeme

Inspekta hakuwa na glavu za mpira, hakuwa na msaidizi, hakuwa na yule mtaalamu wa umeme aliyeahidiwa tangu asubuhi, wala hakuwa na chembe ya utulivu. Alikuwa na sakafu yenye maji, mashine ya kufulia iliyojaa nguo za mtoto, na fundi mahabusu ambaye jioni ile angefunguliwa shtaka la kuua bila kukusudia.

Alizunguka chumba cha kufulia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama wa nyumba alikutwa hapo asubuhi, amekufa, miguu mitupu, kiganja kimeungua. Daktari alishasema: umeme.

Mume wake alisimama mlangoni, kidole gumba kimefungwa plasta. Alirudia maelezo ya kituoni. Kila mashine ilipoanza kuchemsha maji, swichi kuu ilijikata na nyumba nzima ikawa giza. Jana fundi alikuja, akaifungua, akasema imepona. Alishampigia simu mama mkwe kumpa habari hizo: fundi ndiye aliyemuulia binti.

"Alisema imepona?"

"Kwa mdomo wake, afande."

Kule kituoni fundi alikuwa amesema vingine. Aliapa kwamba hita imepasuka, inavujisha umeme kwenye bodi, ganda la chuma la mashine, na kwamba aliichomoa plagi akakataza isiguswe mpaka alete hita mpya. Inspekta alimuuliza kama aliifungua plagi yenyewe.

"Huwa naanza na hiyo, mzee wangu. Nikaifunga upya. Kila ncha ya waya naikunja mara mbili kabla ya kukaza skrubu. Aliyenifundisha alikuwa ananipiga makofi nisipokunja."

Sasa Inspekta alichukua mita ya kupimia umeme kwenye mfuko wa fundi, uliokuwa umewekwa kama kielelezo. Alihakikisha mashine imechomolewa, akagusa hita kwa ncha moja na bodi kwa nyingine. Mshale ukaruka. Kumbe hita ilikuwa mbovu kweli.

Hilo lilimkera zaidi. Umeme ukivuja kiasi hicho, swichi kuu ilipaswa kujikata kama siku zote. Mbona safari hii ilinyamaza mpaka mtu akafa?

Akaifungua plagi. Ncha mbili zilikuwa zimekunjwa vizuri. Waya wa tatu, ule wa ethi wenye kijani na njano, unaoutoa umeme uliovuja usimpate mtu, ulikuwa umekatwa ovyo, ncha yake imeviringishwa plasta. Plasta ya kidonda, yenye doa la damu.

"Kaka, hicho kidole kimepatwa na nini?"

"Kisu cha jikoni."

"Ulikuwa unakata nini?"

"Kitunguu."

"Kitunguu cha kijani na njano?"

Mume alikaa juu ya kapu la nguo chafu. Likabonyea. Alieleza polepole, macho sakafuni. Kazini aliwahi kusikia kwamba ukiondoa waya ule swichi haijikati tena. Fundi alipoondoka, akaukata. Akawasha mashine, taa hazikuzimika, nguo zikafuliwa hadi mwisho bila yeyote kuigusa bodi.

"Kwa nini hukumsubiri fundi?"

"Kila akija fundi, mke wangu ananitania mbele ya dada zangu. 'Wewe, baba, kazi yako kushika tochi.' Nikasema leo na mimi nisifiwe."

"Alikusifu?"

"Alinipigia makofi, afande. Akasema kesho anafua za mtoto."

Inspekta alikwenda dirishani, akarudi. "Na fundi? Yule ana watoto pia."

"Wangu akikua akaniuliza nani aliyemuua mama yake, nitamjibu nini?"

Kituoni fundi alirudishiwa mkanda, viatu na mfuko wake. Alipopishana na mume kwenye korido hakumtukana. Alimwambia tu kwamba hita aliyoiagiza imeshafika, kisha akatoka haraka.

Baada ya kutia sahihi maungamo, mume aliomba karatasi. Inspekta alimsogezea simu, mama mkwe ajulishwe upesi.

"Simu sitaiweza. Akiniita mwanangu, nitakata."

Aliandika kwa taabu, kalamu ikimteleza kwenye plasta. Aliandika kwamba fundi hana kosa, kwamba mkono uliokata waya ni huu unaomwandikia. Hakuomba radhi, alisema hajui ianzie wapi.

Akaulamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa gumba lile lile. Inspekta hakumpa askari aipeleke. Aliibeba mwenyewe hadi posta, akaitumbukiza kwenye sanduku, akatia vidole kwenye tundu kuhakikisha haikukwama.