Aliyejibu Ombi la Ouko

Nyanchera alikuwa na vidole vyepesi kupita kiasi. Katika saiba alikofanya kazi, duka la intaneti lililojaa watu karibu na soko la Kisii, alijaza fomu za wateja thelathini kwa siku, na hiyo ndiyo ilimponza. Tovuti moja ya ajira ilimgomea mara tatu ikitaka athibitishe kuwa yeye ni mtu, si roboti.

"Inakupima mwendo," akasema mteja aliyeketi kando yake. Alikuwa mwalimu Ouko wa Homa Bay, shati lake jeupe limenyooshwa likanyooka. "Mtu husitasita, mshale unayumbayumba. Wewe unabandika tu." Akashika kipanya, akaandika kwa kidole kimoja, tovuti ikamfungulia. Nyanchera akacheka hadi watu wakageuka.

Basi wakapendana. Ouko alipata kazi Gesima, na kila jioni walipigiana simu, huyu anamwita mpenzi, yule anamtania kwa uvivu wa kidole chake. Ila jambo moja lilimsumbua Nyanchera: mama yake kule Ekerenyo hakujua kwamba bintiye, Mkisii, anapendana na Mjaluo.

Ghafla Ouko akanyamaza. Wiki mbili hapokei simu. Nyanchera akashikwa na hasira, akiamini amepata mwingine, mpaka siku alipokuwa akifuta jumbe za wateja kwenye simu ya saiba. Humo akakuta ujumbe wa Ouko, wa siku ile simu ya Nyanchera mwenyewe ilipokuwa kwa fundi: nataka kukuoa, nije kwenu lini? Chini yake kulikuwa na jibu: "Ombi lako limepokelewa. Subiri maelekezo."

Akaomba ruhusa, akapanda boda boda hadi Gesima.

Alimkuta Ouko uani akifua. Gauni la kijani la Nyanchera lilikuwa limejaa vumbi, wala hakujali.

"Aliyekujibu si mimi. Ile simu ya saiba hujibu wateja yenyewe."

Ouko akaendelea kukamua shati. "Na wewe ungenijibu nini?"

Nyanchera aliogopa, tena sana. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake palepale, akazungumza Ekegusii, lugha ya kwao. Ouko hakuelewa kitu, ila alisikia jina lake likitajwa mara tatu.

"Anasemaje?"

"Anasema uje Sabato hii, baada ya kanisa." Nyanchera akafuta machozi. "Na mimi nasema nimekubali."